Kitovu cha Falaniko

Vaipuna, Savai'i
11 Machi 1998

Mjukuu wangu Losa,

Leo salamu zitasubiri kidogo. Chini ya sanduku langu, ndani ya nguo ya gome aliyoigonga marehemu mama yangu, kuna picha niliyoificha kwa miaka hamsini na minane. Mke wangu alikufa bila kuiona. Mwanangu Tavae haijui, na baba yako haijui. Vimbunga viwili vimeng'oa paa la nyumba hii, na mara zote mbili niliikimbilia picha kabla ya Biblia. Sasa nimekwisha kuliandika hilo, naweza kukusalimu kama mtu mwenye adabu.

Hatujambo. Daktari wa Apia anasema moyo wangu umechoka. Nilimwambia aupe pole, nami nimechoka nao. Baba yako Iakopo ndiye anayeniinua asubuhi, ananipikia koko, kakao yetu ya kusaga, ananikata kucha za miguu huku akinikaripia nikitikisika. Tavae yuko Apia na kazi yake, huja sikukuu na makopo ya nyama. Nguruwe mweusi amezaa tisa. Mkwe wa mchungaji bado anaimba kwa sauti ya juu kuliko wenzake wote na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia.

Nililokuitia ni hili. Redio imesema michoro ya Mmeksiko aitwaye Anselmo Ibarrola, aliyezunguka visiwa vyetu zamani, imeletwa Auckland na itakaa huko mpaka Agosti. Mtu huyo namjua. Mwaka 1939 alikaa miezi mitatu nyumbani kwetu, nami nilikuwa mkalimani wake kwa kuwa ndani ya nyumba nzima mimi peke yangu nilikuwa na Kiingereza cha shule. Nenda ukaitazame kazi yake, halafu uniandikie ulichokiona, usiniachie kitu. Tazama hasa kama yupo kijana wa kwetu mwenye pe'a, ile michoro ya mwilini toka kiunoni hadi magotini.

Usimwambie baba yako. Barua hii ataipeleka posta yeye mwenyewe, lakini Iakopo hafungui bahasha ya mtu.

Babu yako mdogo,
Uelese

*

Auckland
19 Aprili 1998

Babu Uelese, shikamoo.

Barua yako ilinifikia Ijumaa Kuu nikiwa nakuna nazi, nikaisoma na mikono ya mafuta, samahani, nimeichafua. Huku baridi imeanza. Wanafunzi wangu wa darasa la pili wote wana mafua, nami wamenigawia. Shangazi Naoupu amegombana tena na kwaya, safari hii kwa sababu ya rangi ya kofia.

Babu, nimekwenda. Nimekwenda mara nne.

Sijui nianzie wapi. Kwenye ukuta wa kwanza kuna bahari. Ni pana kama ukuta wa kanisa letu la Vaipuna, buluu ambayo mtu hawezi kuipata mpaka awe ameketi juu ya maji kwa siku nyingi bila kuona nchi kavu. Na ndani yake visiwa vyote, Babu, vyote, kila kimoja na watu wake, mitumbwi yake, samaki wake, nyumba zake. Mtu mmoja hazidi urefu wa kiganja changu, lakini kila uso ni uso wa mtu fulani. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Kando yangu alikuwepo bibi mmoja wa Kitonga na mkoba wake kifuani. Akanigusa bega.

"Mwone yule mwanamke kwenye mkeka. Ona alivyoificha miguu. Shangazi yangu mwenyewe! Yule Mmeksiko alimjulia wapi shangazi yangu?"

"Labda alikula kwake."

"Basi alishiba, maana amemchora mnene." Kisha akaniangalia vizuri. "Nyie Wasamoa mmewekwa katikati kabisa. Mlimhonga nini?"

"Koko," nikamwambia. Alicheka mpaka mlinzi akarudi.

Katika chumba cha ndani kuna michoro midogo ya wino. Kuna mkono wa mwanamke anayegonga gome, mkono tu, na nyundo ya mti. Nakuapia niliusikia mlio. Kuna mzee anayesokota kamba ya kumbi kwenye paja, na nyuzi zimechorwa moja moja. Mimi ni mtoto wa vitu hivi, nimeviona tangu nazaliwa, na sikuwahi kuviona.

Halafu nikafika ukuta wa mwisho. Kijana amesimama mbele ya nyumba, kimo kamili cha mtu, anatutazama. Pua yake ni pua yangu. Nikasoma kibandiko: "Falaniko, Savai'i, 1939."

Babu yangu mzaa baba! Mtu niliyemjua kwa jiwe la kaburi tu.

Jumamosi nikarudi na Setu, dereva wa basi wa kanisani kwetu, ambaye ana pe'a yake mwenyewe. Alikaa chini sakafuni, akaanza kuhesabu, toka alama ya mtumbwi mgongoni, kiunoni, mapajani, hadi magotini. Karibu saa nzima. Akasema, "Mchoraji huyu hakubuni kitu, dada. Hata mstari mmoja." Kisha akanyoosha kidole tumboni. "Na kitovu kimefungwa kwa alama ya mwisho. Huyu amemaliza."

Babu, si mlituambia Falaniko alikimbia kabla ya kitovu? Si ndiyo sababu alioga na fulana mpaka anakufa?

Nakusubiri.
Losa

*

Vaipuna
30 Juni 1998

Losa mpendwa,

Nimechelewa. Meli ilikuwa mbovu wiki mbili, na mimi nilikuwa mbovu wiki sita. Asante kwa dawa ya kifua. Baba yako ananinywesha kama ndama. Nguruwe wamebaki wanane, mmoja ameanguka mtaroni. Shelisheli zimeiva mapema mwaka huu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hata mikunjo inataka kukatika. Umeiona bahari yake. Mimi nilimwona akiianza, kwenye karatasi ndogo, juu ya sanduku la biskuti.

Alikuja Anselmo akiwa na mifuko miwili: mmoja wa rangi, mwingine wa pilipili ya kusaga ya kwao. Aliinyunyizia kwenye taro, yaani magimbi yetu, kwenye samaki, mpaka kwenye papai. Kaka yangu Falaniko akajitia ushujaa, akalamba kijiko kizima. Alikimbilia baharini, akakaa majini mpaka jioni, Anselmo akimfuata ufukweni na nazi, huku akiomba radhi kwa Kihispania. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki, wawili wasio na lugha. Mimi nilitafsiri, lakini mara nyingi niliona hawanihitaji.

Siku ya kwanza aliyowaona mama zetu wakigonga gome, alisimama njiani akalia machozi. Tulidhani ameumwa na nyuki. Akanieleza kwamba kule kwao, milimani, wako akina mama wanaogonga gome vilevile, kwa mlio uleule, na mama yake alikuwa mmoja wao. Mama yangu alipotafsiriwa hayo alisema tu, "Mwambie aketi basi, asisimame kama mgeni." Akaketi. Alijifunza kukunja miguu akaifunika kwa mkeka, na ganzi ikimpanda alitokwa jasho lakini hakuinyoosha mbele ya watu. Alipochora aliuliza kwanza: kitu hiki ni cha nani, nani ana ruhusa ya kukivaa. Alihesabu kila kitu kwa sauti. Nimeishi miaka sabini na saba, nimefundisha shule miaka arobaini, sijaona tena mtu anayetazama kwa heshima namna ile. Akikutazama ulijisikia umeumbwa upya, na kwa uangalifu zaidi.

Kuhusu kitovu, wachoraji hupamba. Usinisumbue tena kwa hilo.

Uelese

*

Auckland
24 Julai 1998

Babu,

Tunaendelea vizuri, Shangazi Naoupu amepatana na kwaya, kofia zitakuwa nyeupe. Nakuombea nguvu.

Sasa niruhusu nikukosee adabu. Umeniandikia ukurasa mzima kwamba mtu huyu alihesabu kila kitu, kisha mstari mmoja kwamba alipamba. Mimi ni mwalimu, Babu. Mtoto akinipa jibu la namna hiyo namrudisha kwenye dawati.

Nimewaomba wanionyeshe daftari lake lililo ndani ya kioo. Yule mama anayelitunza alivaa glavu, akanifunulia. Kuna mchoro wa mwili uleule wa Falaniko, na kitovu kiko wazi. Chini yake ameandika, na yule mama akanisomea: "Hivi ndivyo alivyoachwa. Katika picha kubwa nitakifunga, kwa kuwa ni chake." Kwa hiyo alijua, akakifunga kwa makusudi. Kwa nini kiwe chake, kama alikimbia?

Huenda huko hamkumbuki, lakini mimi nakumbuka. Nilikuwa na miaka saba, tumevaa nyeupe kwa ajili ya Jumapili ya Watoto, nami nikasahau mstari wangu wa Biblia mbele ya kanisa. Watoto wa Tavae wakaimba nyuma ya jengo: "Amekimbia kama babu yake! Mshikeni, mshikeni!" Baba alisikia. Alinyanyua sinia la chakula akapita, kama hakusikia. Baba ana miaka hamsini na hajawahi hata siku moja kupeleka kikombe cha kava, kinywaji cha baraza, mbele ya wazee. Anapika, anachimba tanuri, anakubeba wewe mgongoni kwenda kuoga, kisha anakwenda kuketi nguzo ya nyuma, wanakoketi wasio na cheo.

Ameniandikia kwamba mwezi wa kumi ukoo utakutana kumchagua atakayeshika cheo chako cha mkuu wa ukoo. Anasema: "Tavae atakishika, ni sawa. Sisi ni watoto wa aliyekimbia." Ameandika hivyo bila hasira, Babu. Hicho ndicho kilichoniliza.

Picha uliyoificha ina nini ndani yake?

Losa

*

Auckland
9 Septemba 1998

Babu,

Hujanijibu. Maonyesho yamefungwa, masanduku yamepakiwa, babu yangu amerudi Meksiko. Siku ya mwisho nilimpungia mkono wa kwaheri, watu wakinitazama.

Baba ameniambia kwenye simu kwamba huli, na kila akitaja barua yangu unageukia ukutani. Sijamwambia kitu. Lakini umenipa mimi siri nusu, na nusu hiyo inaniwasha.

Losa

*

Vaipuna
3 Oktoba 1998

Losa, mjukuu wangu,

Utaona mwandiko huu si wangu. Mkono wa kulia umekufa tangu Agosti. Nilifikiri kumwita mchungaji aniandikie, kisha nikafikiri kumwita mwalimu mkuu. Nilimaliza mwezi mzima nikifikiri. Anayeandika ni baba yako, Iakopo. Nimemwapisha aandike neno kwa neno na asiniulize kitu mpaka nimalize. Anakusalimu. Anasema koti ulilomtumia linamtosha ila limebana mabegani. Hilo amejiandikia, mimi sikulisema.

Nguruwe wamebaki saba. Ukoo unakutana Jumamosi ijayo.

Wewe unajua, na Iakopo anajua, kwamba kwetu mtu hachorwi peke yake. Huchorwa wawili, ili maumivu yapate pa kupumzikia: mmoja akilala chini ya chanuo la fundi, lile la meno makali ya kuchoria, mwenzake anangoja, na kesho wanaamka wote wamevimba. Sisi tulikuwa wawili, Falaniko na mimi. Yeye alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na minane. Fundi Matafeo alianza na yeye kila siku, kwa kuwa ndiye mkubwa, kwa hiyo kila siku alikuwa mbele yangu. Shangazi zetu walikaa karibu na vichwa vyetu wakiimba na kutusimanga.

"Uelese, unalia kwa Kiingereza au kwa Kisamoa?"

"Mwacheni, anatafsiri!"

Falaniko alilala meno yakiwa yameuma mkeka, akicheka nao. Anselmo aliketi pembeni na daftari, miguu imefunikwa, akihesabu.

Matafeo alikuwa na sharti moja, na alilitamka siku ya kwanza mbele ya wazazi wetu. Mpaka kitovu kifungwe, hakuna atakayetoka katika nyumba ile bila mwenzake. Atakayeukimbia mkeka wa fundi, chanuo lake halitamgusa tena mpaka kufa. Na mnajua kwamba bila kitovu yote yaliyochorwa ni bure. Ni nyumba isiyo na mlango.

Siku ya kumi na tatu, Falaniko alikuwa amebakiza kitovu peke yake. Mimi nilibakiza paja zima la kushoto, na kitovu. Mchana, jua kali, kila mtu akalala. Matafeo alikwenda mtoni kuoga. Mvua ikaanza. Mmoja wetu aliinuka akakimbia, akaishika njia ya mashamba ya taro. Mwenzake akaamka, akaona mkeka mtupu, akamfuata. Waliporudi walikuwa na matope mpaka magotini, wote wawili, na Matafeo alikuwa amekwisha kuketi mahali pake, anayafuta machanuo yake.

Hakupaza sauti. "Nani ameukimbia mkeka wangu?"

Falaniko alijibu kabla mvua haijamaliza kudondoka mwilini mwake. "Mimi."

"Na mdogo wako?"

"Alikuja kunirudisha."

Matafeo akamaliza kufuta chanuo la mwisho. Akakichukua chombo cha wino, masizi ya kokwa za kukui, akakisogeza upande wangu. "Basi lala wewe, mkalimani." Nikalala. Siku nne baadaye kitovu changu kilifungwa, nikapakwa mafuta, nikavunjiwa yai kichwani kama kila anayemaliza, ukoo wote ukacheza. Falaniko alikuwa jikoni anakuna nazi, amevaa fulana.

Juma lile Anselmo aliniuliza, "Kwa nini hawakummaliza kaka yako?"

Nikamwambia, "Aliogopa."

Aliniangalia. Nimeshakuambia alivyokuwa akitazama. Akasema, "Ahaa," akafunika rangi zake, na tangu hapo hakuniomba tena nimtafsirie. Baada ya siku chache akaondoka.

Mwaka 1940 ikaja bahasha kubwa toka Meksiko yenye jina la Falaniko. Mimi ndiye niliyekwenda posta. Niliifungua njiani, na haikumfikia mwenyewe. Aliishi miaka thelathini na mmoja baada ya hapo, tukala sinia moja, hakunikumbusha lolote, wala mimi sikumwambia kwamba nimeiba picha yake.

Sasa hivi nimemwagiza baba yako ailete. Ameikunjua nguo ya mama. Iko kwenye mkeka kati yetu, na mwanga wa bahari umeingia ndani ya nyumba ukailalia. Losa, laiti ungekuwa hapa. Rangi hazijafifia hata kidogo. Majani ya taro yana maji yake juu yake, kila tone na anga lake. Njia inateleza, nikiitazama nyayo zangu zinajishika. Vijana wawili wanatembea kwenye mvua, tunawaona kwa nyuma, hakuna uso. Mmoja amemshika mwenzake mkono, anamvuta kuelekea nyumbani, na mshiko huo, sijui mtu anachoraje kitu kama hicho kwa brashi, ni mshiko wa mtu asiye na hasira. Kumbe Anselmo alikuwa kwenye banda la mitumbwi na daftari lake. Alituona tunatoka na alituona tunarudi.

Jumamosi picha hii itatundikwa kwenye nguzo ya mbele, ambako nimeketi miaka arobaini. Chini yake ataketi Iakopo. Tavae nimekwisha kumwita, nimemwambia, ametoka bila kuaga. Atarudi au hatarudi. Wazee wakiuliza kwa nini, nitawaambia wahesabu. Pe'a za vijana hawa zimechorwa mstari kwa mstari. Anayevuta amekamilika mapaja yote mawili. Anayevutwa, paja lake la kushoto ni jeupe, halijaguswa.

Njiani, pale pale palipochorwa, Falaniko alisema maneno ambayo sijayatamka mbele ya mtu. Alisema, "Mimi nimebakiza kitovu tu. Wewe umebakiza paja zima. Tukifika, nyamaza, niachie mimi."

Baba yako ameacha kuandika. Ameinama juu ya picha, kidole chake kiko kwenye lile paja jeupe. Mvua imenyesha na kuacha huko nje na bado hajainua kichwa. Nimemwambia ameapa, kwa hiyo ashike kalamu, aandike kama ninavyosema, kwa herufi kubwa kama anataka.

Aliyekimbia ni mimi.